Muti wa Maziwa Kwenye Njia ya Boga

Wamama wa soko, kila asubuhi munaniuliza nilikuwa wapi, na kila asubuhi mutu mwingine anajibu mbele yangu. Mumoja anasema nilienda kufuata bwana Uganda. Mwingine anasema niliolewa na Prof. Sasa ninaandika, musome wote mara moja, kisha tuuze mboga zetu za lenga-lenga kwa amani. Masomo yangu yaliishia mwaka wa tatu wa primere, kwa hiyo pale sentensi imepinda, muinyooshe wenyewe. Mambo ya karatasi na ruhusa ninayaruka. Yalikuwa mengi na hayakutusaidia hata kwa bariere moja ya wenye bunduki.

Kwanza kile nilichofuata. Bwana yangu Leonard alikufa njiani wakati tulikimbia Bunia, na tulimuzika kando ya njia ya Boga. Mudogo wake, Gaspard, alikuwa pale, akachimba kwa mikono yake. Leo Gaspard anakaa katika parsele yetu, kiwanja na nyumba, pale mutaa wa Saio, na anasema hakuona kaburi lolote, hakupita hata njia ile. Anasema Leonard alivuka Uganda, akapata mwanamuke, siku moja atarudi, na mupaka arudi, yeye Gaspard njo mulinzi wa parsele. Kwa maneno yake mimi si mujane, niko mwanamuke aliyeachwa, na mwanamuke aliyeachwa anarudi kwao. Kwetu kulichomwa. Baba mukubwa Isidore, mukubwa wa ukoo, alisikiliza pande zote mbili akasema: "Mama Aline, utuonyeshe kaburi, ao utoke mu nyumba."

Hiyo njo ilikuwa safari.

Bunia, mahali kamiyo inaondokea

Prof Crispin alitoka Kisangani. Kazi yake ni kutembea katika inchi na kuandika mimea: huu ni wa hapa tangu zamani, huu ulikuja, huu uliletwa na nani. Alikuwa akinunua mboga kwangu, na kabla ya kununua ananiuliza jina la kila jani mupaka wateja wengine wanaondoka. Siku aliyosema anatafuta mama wa kumupikia na kumuulizia watu majina mupaka Boga, nilimwachia dada yangu meza na mutoto wangu Aline, nikafunga kitambaa kichwani.

Dereva wa kamiyo alisema tunangoja eskorti, askari wa kutusindikiza. Eskorti walikuwa wameketi upande wa pili wa barabara, wanakula mikate ya mafuta. Nikaenda kuwauliza. "Tunangoja dereva," walisema. Nikarudi kumwambia dereva. Akanitazama kama mutu aliyeingilia mambo ya ndoa ya wengine. Tuliondoka jua likiwa juu ya kichwa.

Prof hakupoteza wakati ule. Alikuwa anang'oa majani pale pale kwenye parking, katikati ya mafuta ya gari, anayalaza ndani ya gazeti, anayabana kati ya mbao mbili na kufunga mikanda. Mama mumoja aliyekuwa na bata zake alinisogelea.

"Huyu ni nganga?"

"Ni mwalimu."

"Wa nini?"

"Wa majani."

"Majani banayafundishaka?"

"Hapana. Anaandika tu kila moja ilitoka wapi."

"Ah," mama alisema, "ni polisi ya mupaka ya majani." Kisha akamwomba Prof kitu cha magoti. Prof akasema hana. Mama akasema nganga wa kweli hukataa mara ya kwanza, na akaomba tena kila kilima mupaka Bogoro.

Bogoro, sahani ya Mama mwenye chungu

Pale Bogoro tuliteremuka kula. Mama wa restora alituletea bugali ya mahindi, sombe ya majani ya muhogo, maharagi na pilipili pembeni. Nilikuwa na njaa. Prof alikuwa na njaa pia, lakini yeye hawezi kula kitu bila kukiulizia ukoo.

"Mahindi yalitoka America," alisema. "Sombe pia. Muhogo ni wa Brezili."

"Maharagi?" mama wa chungu akauliza.

"America."

"Pilipili, ile yenyewe? Hii ya kwetu?"

"America."

Mama aliweka mikono kiunoni. "Papa, mu chungu yangu yote hakuna mwenyeji hata mumoja?"

Prof alitazama sahani kwa muda. Ninamuheshimu kwa jambo hili: hakumudanganya. Kulikuwa na lenga-lenga kidogo iliyochanganywa na sombe. Akaivuta pembeni kwa kidole. "Hii," alisema. "Pengine."

Nilifurahi, kwa sababu njo ninauza. Mama wa chungu hakufurahi. Alisema tangu vita ianze amepika kwa jeshi ya kila rangi, na hakuna hata moja iliyomutukania chungu.

Bariere ya Komanda Sindano

Baada ya Bogoro kamiyo ilikataa kuendelea, tukachukua miguu. Mule pande zote ni maua ya manjano, yale marefu kupita mutu, yenye harufu kali. Yameota juu ya kila nyumba iliyochomwa. Ukiyaona yamejaa mahali pamoja, mviringo, ujue palikuwa na watu. Tuliona pia miti ya maua mekundu, miwili miwili, imetazamana njia katikati. Prof akasema ajabu, muti huu ni wa hapa kabisa, lakini haupangwi hivyo na Mungu. Nikamweleza. Zile zilikuwa nguzo za bariere. Wapiganaji walikata miti mibichi wakaichomeka, wakaenda, nguzo zikachipuka. Mahali waliponyang'anya watu leo panatoa maua. Prof akaandika. Mimi niliona watu wawili watatu ninaowajua katika kila pea ya miti, nikaendelea kutembea.

Bariere ya pili ilikuwa na nguzo kavu na Komanda Sindano nyuma yake. Alituita kwa kidole.

"Munabeba nini?"

"Majani," Prof alisema.

"Dawa ya risasi?"

"Hapana."

"Bote banasemaka hapana." Alifungua mbao mwenyewe. Juu kabisa kulikuwa na lile ua la manjano, limekauka vizuri. "Hii inafanya nini?"

"Haifanyi kitu. Ninaandika asili yake."

"Asili yake ni ya wapi?"

Nikakohoa. Prof hajui kikohozi cha Ituri.

"Si ya hapa," alisema. "Ni mugeni. Ilitoka Mexique."

Nyinyi munajua. Kwetu neno lile halisemwi mbele ya bunduki. Fulani si wa hapa, fulani ni mugeni: nyumba ngapi zilichomwa kwa neno hilo tu. Alfonse fundi wa redio pale Saio hakusema zaidi ya hilo alipoelekeza kidole kwenye mulango wetu, na Leonard akapigwa risasi ya tumbo. Alfonse, nimekuandika. Unanisalimia kila Jumapili na ninakuitika, lakini nimekuandika.

Komanda alilishika gazeti kwa mikono miwili. "Nani alikutuma kusema ni mugeni? Mama yangu alinizalia kando ya hii maua. Tulitengeneza nayo lopango ya kuzunguka nyumba. Nyumba yetu balichoma, batu bote balikimbia, hii njo ilibakia. Na weye unatoka Kisangani, unakuya kusema itoke?"

"Sijasema itoke."

"Njo vile banaanzaka! Kwanza banasema si ya hapa. Kisha tunaona."

Bunduki ililia ile sauti yake ya kujitayarisha. Mama mwenye bata, aliyekuwa bado nyuma yetu, aliketi chini barabarani bila kuambiwa.

"Komanda, samahani," nikasema. "Papa huyu anatengeneza mambo mawili. Anaandika ilitoka wapi, na anaandika kama inazaa hapa. Ikizaa hapa, inabakia. Si vile, Prof?"

Prof alikuwa ameanza kuelewa. Jasho lilimutoka mupaka kwenye miwani. "Ndiyo. Mumea ukizaa wenyewe bila kupandwa, tunaandika umekubaliwa."

"Hii inazaa?"

"Inazaa sana."

"Basi andika imekubaliwa. Andika sasa, niko naona."

Prof aliandika. Komanda, ambaye hajui kusoma, alitazama karatasi kutoka juu kama mutu anayetazama chungu kama imeiva. Akaridhika. Akarudisha ua ndani ya mbao kwa upole ambao sikutegemea. Kisha akamuvua Prof viatu.

Ninaandika na hilo: Komanda Sindano, bariere ya pili kutoka Bogoro, viatu vya kahawia, kamba mupya.

Geti, mvua

Tulipofika kijiji cha Geti mvua ilitushika. Prof alikuwa na sandale za kuazima zilizokuwa za mwanamuke, na kila mutu aliyezitazama alinitazama na mimi. Tulingojea chini ya baraza ya mutu aliyeuza kaikpo, ile pombe yetu ya moto. Mwenye baraza alisikia Prof anatafuta majani, akafikiri ni kwa kuiongezea nguvu, akamuonyesha kila kitu anachotia ndani. Prof akaandika vyote. Mimi sitaviandika, maana wengine wenu munainywa.

Pale njo aliniuliza ninaenda kufanya nini Boga. Alidhani ninaenda kwa ndugu. Nikamwambia.

Siku tulipokimbia, Leonard tulimubeba kwenye kinga, baiskeli yetu, tumbo limefungwa na kitenge. Kabla ya kutoka Saio, mama mukwe alimwambia Gaspard avunje fimbo kwenye lopango yetu. Lopango ilikuwa ya ule muti usio na majani, vidole vya kijani tu, unaotoa maziwa ukiukata. Ni desturi yao: mwanaume akizikwa mbali, anachomekewa fimbo ya lopango yake, ili alale kwake. Leonard aliiona ile fimbo imefungwa kando yake juu ya kinga.

"Mama," alisema, "bado sijakufa."

"Ninajua, mwanangu," mama mukwe akasema. "Njo maana tunaibeba mapema."

Karibu na Boga haikuwa mapema tena. Gaspard alichimba. Kisha akainoa fimbo ncha yake ya chini kwa panga ili ishike udongo, uso wake ameuinamisha juu yake, na maziwa yakaruka yakamuingia jicho. Alilia kuliko alivyolia kwa kaka yake. Maji hayakuwa. Kisima hakuna, kijito cha pale kilikuwa kimekauka na jua, mutungi ulimwagika zamani. Mimi nilikuwa nanyonyesha Aline. Mama mukwe akanitazama tu. Nikatoa ziwa langu mbele ya shemeji, juu ya udongo wa bwana yangu usiokauka, nikamukamulia jicho mupaka akanyamaza. Jicho moja lilibakia na wingu jeupe. Lingine halikuguswa.

Mambo yale siwezi kuyasema mbele ya ukoo. Mwanamuke anasema vipi jambo lile mbele ya baba wakwe? Gaspard anajua siwezi. Mama mukwe alikufa Boga, naye alikuwa shahidi wa mwisho. Leo Gaspard anahadisia kila baa ya Bunia kwamba jicho liliingiwa na kipande cha bomu alipokuwa analinda familia.

Prof akauliza kama fimbo ile ilikuwa nene ao nyembamba, na kama ilikatwa ikikomaa. Nilitaka kumukasirikia. Baadaye nikaelewa alikuwa anapiga hesabu kama ilishika.

Kilima mbele ya Boga

Mahali penyewe sikupajua. Nilikumbuka kilima, kichuguu kikubwa, kijito. Kumbe vilima ni vingi na kila kimoja kina kichuguu. Maua yale yaliyokubaliwa yalikuwa yamefunika yote. Tulipanda na kushuka, mimi natangulia, Prof nyuma na sandale zake. Nilianza kumuona Gaspard amekaa kwenye kiti cha Leonard.

Kulikuwa na mama analima muhogo kando ya kijito. Kwa wimbo wake nilijua ni wa upande wa pili, wale tuliokimbia. Naye kwa kitambaa changu ao kwa pua yangu alijua mimi ni wa upande gani. Alinyoosha mugongo, jembe amelishika kati.

"Unatafuta nini mu shamba yangu?"

"Kaburi."

"Ya nani?"

"Ya bwana yangu."

Alinitazama. "Iko yenye muti wa maziwa?"

Nikaketi chini, kama mama mwenye bata.

Aliitwa Mama Rebeka. Alitupeleka nyuma ya kichuguu. Nilitegemea muti mumoja. Ilikuwa minne. Mumoja mukubwa, unanipita kimo, na mitatu midogo, imepangwa vizuri na mawe pembeni. Nikafikiri: basi inaota yenyewe hapa, ni majani ya pori tu, Gaspard ameshinda.

"Ile mukubwa niliikuta," Mama Rebeka alisema. "Tuliporudi toka pori nilitaka kulima huku. Nikaona ule muti. Nikasema, hii haijitembezake yenyewe, iko mutu chini. Nikaacha. Hii mitatu ni batoto bangu. Balikufa na kikohozi mu pori, tulikuwa tumejificha. Sikukuwa na kitu ya kubaweka juu. Nikavunja ya kwako."

"Mulikuwa munakimbia nani?"

"Ba kwenu," alisema. "Na weye, bwana yako alikufa na nini?"

"Risasi."

"Ya ba kwetu."

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa kama mutu aliyeuliza bei akaambiwa ni ileile. "Munakula muhogo?"

Alichoma muhogo, tukala tumeketi katikati ya watu wetu. "Brezili," Prof alisema taratibu.

Kisha Prof alifanya kazi yake. Alizunguka kilima chote, akarudi, akapima shina la muti mukubwa na mashina ya ile mingine. "Kutoka Bunia mupaka hapa," alisema, "muti huu nimeuona kwenye malopango tu. Hapa hakuna nyumba, na hapakuwa na lopango ya zamani. Hautoi mbegu huku. Huu mukubwa uliletwa na mukono, na hii mitatu ilitoka kwake." Alitaka kuniandikia hayo kwa herufi nzuri. Nikamwambia katika ukoo wetu karatasi zinasomwa na Gaspard.

Nilimwomba Mama Rebeka fimbo moja.

"Unaniomba? Ni yako."

"Inakaa na bako."

Aliikata mwenyewe. Alifunga mukono na kitambaa, akageuza uso mbali kabisa, akapiga panga bila kutazama. Kila mutu aliyeishi na muti ule anaukata hivyo. Anayeinamisha uso ni yule tu asiyejua, na hafanyi mara mbili. Nilitazama uso wake uliogeuka, na pale njo nilijua nitafanya nini Saio.

Boga na kurudi

Boga tulifika, Prof akaandika majani yake, mimi nikasalimia kaburi la mama mukwe. Watu waliniona nina fimbo ndani ya majani ya ndizi wakaniletea mutoto mwenye homa. Nikawaelekeza dispansere. Wakasema nganga wa kweli hukataa mara ya kwanza.

Kwa Komanda Sindano tulipita tena. Alikuwa amevaa viatu vya Prof, amevipaka rangi vizuri kuliko mwenyewe.

"Na hii?" alisema, akagusa fimbo yangu.

"Ya lopango yetu ya Saio."

"Iko ya hapa?"

"Sijui, Komanda. Ninairudisha kwao."

Akafungua bariere.

Saio

Parsele yetu haina tena lopango ya kijani. Gaspard alipoingia tu alilipa watu waing'oe yote, akajenga ukuta wa tofali. Siku zote nilifikiri ni kiburi.

Baba mukubwa Isidore aliwaita wote barazani. Gaspard alikuwa kwenye kiti cha Leonard, mguu juu ya mguu. "Mama Aline karibu," alisema. "Umetuletea habari ya bwana yako? Hajambo kule Uganda?" Wengine walicheka.

Nilisema kilima, kichuguu, kijito. Nilimutaja Mama Rebeka. Gaspard akasema shahidi wangu ni adui, na kilima kiko kila mahali. Ni kweli, kiko kila mahali. Basi nikafungua majani ya ndizi, nikalaza fimbo mezani, mbele ya Gaspard. Nikatoa kisu cha lenga-lenga, nikageuza uso, nikakata ncha.

Maziwa yalitoka tone moja. Kiti kilianguka. Gaspard alikuwa tayari ukutani, mugongo kwenye tofali zake, kiganja amefunika jicho. Lile zima.

Hakuna mutu aliyecheka.

"Gaspard," Baba mukubwa Isidore alisema, "si ulisema ni bomu?"

"Inaweza kuruka, Baba mukubwa. Inachoma."

"Ninajua inachoma. Nimeishi na lopango ile kabla hujazaliwa. Mutu ikimuingia, asipooshwa pale pale, jicho lote linapasuka. La kwako lilibakia na wingu tu. Ulikimbia hapa na macho mawili mazima, na wote waliokimbia njia ile walituambia maji hayakuwako. Sasa niambie. Mukono ya nani ilikuosha?"

Gaspard alinitazama na jicho lile moja. Nilitazama meza.

"Haikukuwa mukono," alisema.

Wamama walielewa kwanza. Shangazi ya Gaspard alivuta kitenge juu ya mudomo. Baba mukubwa Isidore alichelewa kidogo, kisha akainama, akaokota kiti cha Leonard, akakisimamisha upande wangu.

Fimbo niliichomeka kando ya mulango, nje ya ukuta wa tofali. Imeshika, inatoa vidole. Gaspard alihama, lakini bado anakuja siku za Jumapili kusalimia Aline, maana ni mutoto wa kaka yake, na chakula simunyimi. Anaingia na uso ameugeuza.